Koti la babu lisiloshonwa

Mhariri, wiki hii mmeuliza: hekima huja kwa umri au kwa kumwamini Mungu? Najua wengi tutakimbilia methali. Kuishi kwingi ni kuona mengi, sawa, lakini kuona si kujifunza. Wapo waliorudia kosa lilelile miaka 50 na wanaliita uzoefu.

Wa upande wa imani watamtaja Sulemani. Kule Gibeoni, angali kijana, Mungu alimwambia aombe atakacho, naye akaomba moyo wa kupambanua mema na mabaya. Akapewa. Ila Biblia hiyohiyo, Wafalme wa Kwanza sura ya 11, inasema ni uzeeni wake zake walipomgeuza moyo akafuata miungu mingine. Imani alikuwa nayo, umri akaupata, na bado akateleza. Mwanawe Rehoboamu naye, alipowapuuza wazee akawasikiliza vijana wenzake, hakuwa mtoto: alianza kutawala akiwa na miaka 41! (Ujana wa namna hiyo haujaisha.)

Mimi jibu nililipata kwa babu mzaa mama. Alikuwa mtu wa sala, umri umeshasogea, siku moja pesa zikampotea. Akamchapa mwanawe wa miaka 12 na kumwita mwizi mbele ya watu. Siku ya nne akazigusa: zilipenya kwenye tundu la mfuko, zikalala ndani ya bitana ya koti lake. Angenyamaza, nani angejua? Alitusimulia kwamba usiku ule alipiga magoti, maneno yakamkwama kooni. Kulipokucha akawaita walewale waliosikia tusi, akamwomba mtoto radhi wakimtazama.

Kwa hiyo naona umri hutuletea makosa tu, mengi, na hauna kazi nyingine. Imani, ikiwa ya kweli, humnyima mtu pa kujitetea. Asiye na dini huenda dhamiri yake ikamfanyia kazi hiyohiyo, sibishi. Babu yangu alibanwa akiwa amepiga magoti.

Tangu hapo, wagombanao wakija kwake, kila mmoja alitakiwa kueleza kwanza madai ya mwenzake, tena mpaka mwenzake akubali kwamba ndivyo. Wengine walikasirika wakaondoka. Na lile koti hakukubali lishonwe. Bibi alimfuata na sindano mara nyingi, naye akimjibu, "Liache hivyohivyo, pesa nitashika mkononi."