Mtini wa kwa Bibi: Maswali Yenu Kuhusu Vipandikizi

Barua za safari hii zinafanana kwa jambo moja. Hakuna aliyeuliza pa kununua mche wa mtini. Wengi wanautaka mtini ule ule ambao tini zake walizila utotoni. Hilo linawezekana, kwa sababu kipandikizi, yaani kijiti kilichokatwa kwenye mti na kuoteshwa, ni mti wenyewe uliohama, na tini zake zitakuwa zile zile. Ila kinahama na tabia zote za mama yake, pamoja na maradhi.

*Kamwene. Kwa bibi yetu Lushoto kuna mtini mkubwa nyuma ya jiko. Nimeleta vijiti hapa Kihesa mara mbili. Vyote vilitoa majani mazuri, nikavihamishia kwenye ndoo, na baada ya wiki mbili vikanyauka vyote. Namwagilia asubuhi na jioni bila kukosa. Nakosea wapi? (Mama wa Kihesa, Iringa)*

Kamwene, mama. Umedanganywa na majani, na hauko peke yako.

Kijiti cha mtini kina akiba ya chakula ndani yake. Kikipata joto na unyevu, macho ya juu hufumuka kwa akiba hiyo, mara nyingi ndani ya wiki mbili au tatu, na huko chini hakuna hata uzi mmoja wa mzizi. Majani yakitanda huanza kupoteza maji, na hakuna kinachoyarudisha. Ukikihamisha siku hizo, hata vile vinundu vyeupe ambavyo vingekuwa mizizi unavikwangua. Mizizi ya kuaminika huja kati ya wiki ya 4 na ya 8, na kwa baridi ya Iringa huenda ikachelewa zaidi.

Ndiyo maana tunapendelea chupa ya maji ya lita 1.5 kuliko kiriba cheusi. Kata shingo, toboa matundu sita kitakoni kwa msumari wa moto, jaza mchanganyiko, kisha izungushie gazeti na kuifunga kwa kamba ili mwanga usiingie. Kila wiki unafungua gazeti, unachungulia, unafunga. Ukiona mizizi myeupe imeanza kujigawa matawi na kugeuka kahawia hafifu, hapo hamisha. Kabla ya hapo usikiguse, hata kama kina majani manane.

Kosa la pili ni maji. Kijiti kisicho na mizizi hakinywi, kwa hiyo ulichokuwa unamwagilia ni uozo. Chomoa kimoja kati ya vile vilivyokufa ukikwangue chini kwa ukucha. Gome likibanduka kwa utelezi, ni jeusi na linanuka uchachu, basi kilizama. Mchanganyiko mzuri ni mchanga wa mtoni wa chembe kubwa madebe mawili kwa mboji iliyochekechwa debe moja. Usitie samadi hatua hii. Loanisha, shika konzi moja, kamua: likitoka tone moja au mawili, inatosha, kikitoka kijito, anika. Baada ya hapo mwagilia pale tu ambapo chupa ikinyanyuliwa inaonekana nyepesi. Kwenye kivuli hiyo ni kama mara moja kwa wiki.

Sasa safari ya tatu ya Lushoto. Nenda kati ya katikati ya Julai na mwisho wa Agosti, mti ukiwa umepukutisha majani na macho hayajavimba. Chagua tawi la mwaka jana, lililokwisha kuwa la kijivu, unene kati ya penseli na kidole gumba. Machipukizi ya kijani huoza, na matawi manene ya zamani hukaa kimya miezi. Kata urefu wa sentimita 20 hivi, wenye vifundo vinne au vitano. Chini kata sawa bila mshazari, milimita chache chini ya kifundo, maana hapo ndipo mizizi hupenda kutokea. Juu kata mshazari, sentimita moja au mbili juu ya jicho. Faida ya mshazari si maji kuteremka tu: ukifika nyumbani usiku na furushi la vijiti, utajua kipi ni kichwa na kipi ni miguu. Kilichopandwa kichwa chini hakisamehe.

Vaa mikono mirefu. Utomvu mweupe wa mtini ukikauka kwenye ngozi kisha jua likapiga, ngozi hubabuka kama imeungua, na doa hukaa wiki kadhaa.

Suuza utomvu kwa maji, acha vijiti kivulini mpaka kesho yake mikato ikauke, kisha chovya ncha za juu kwenye nta ya mshumaa iliyoyeyuka, sentimita mbili tu. Vifunge kwenye gazeti lililoloweshwa na kukamuliwa, juu yake nailoni. Pasipo na nailoni, magamba mabichi ya mgomba yanafaa sana. Kwenye basi visikae karibu na injini. Vikifika na huna nafasi ya kupanda, weka kwenye friji sehemu ya chini, si ya kugandisha. Huko huvumilia wiki kadhaa.

Panda theluthi mbili ya kijiti ikiwa chini, jicho moja au mawili juu. Weka mahali penye mwanga pasipo na jua la moja kwa moja. Joto la nyuzi 20 hadi 25 kitakoni ndilo linaloita mizizi, kwa hiyo mwezi wa Agosti chupa zipange dirishani jikoni, au juu ya ubao uliolazwa kwenye lundo la samadi linaloendelea kuchacha. Dawa za homoni si za lazima, mtini si mti mgumu. Weka vijiti kumi upate miche mitano, na ushukuru.

*Mti wa marehemu baba uko Makambako kwenye kiwanja kilichouzwa. Mnunuzi ametupa miezi mitatu. Lakini sasa ni Februari, umejaa majani. Tusubiri? (Msomaji, Makambako)*

Msisubiri. Vijiti vilivyokatwa Februari vikiwa na majani laini huoza kuliko kuota, lakini msimu huu wa joto ndio mzuri wa kuotesha mizizi tawi likiwa bado mtini.

Chagua tawi la unene wa kidole gumba. Chini ya kifundo, menya gome kuzunguka tawi lote kwa upana wa sentimita 2 hadi 3. Kisha fanya lile ambalo wengi hulisahau: kwangua ule utelezi uliobaki juu ya mti mweupe mpaka pawe pakavu. Ukiuacha, gome linajiunga tena na mwezi mmoja umepotea. Chukua konzi mbili za vumbi la mbao la zamani, lile jeusi la chini ya lundo la kiwanda cha mbao (jipya linachoma), lichanganye na mboji, lilowanishe na kulikamua, lifumbate pale palipomenywa kama donge la ugali. Zungushia nailoni, kaza juu na chini, kisha funika kwa kitambaa cheusi. Mifuko ile ya rambo ilipigwa marufuku Juni 2019 na hatuisikitikii, ila kwa kazi hii kipande cha nailoni ya viriba ni kizito na kinadumu zaidi.

Baada ya wiki 6 hadi 8 utaona mizizi ikigusa nailoni. Kata chini ya donge, punguza nusu ya majani, panda kwenye ndoo iliyotobolewa, weka kivulini wiki tatu. Fungeni matawi matano au sita, msiweke roho yote kwenye moja.

*Asalaam aleikum. Ukoo wetu asili yake ni Oman, sisi tumezaliwa hapa Mbeya. Ami yangu ana mitini milimani huko na yuko tayari kuniwekea vijiti kwenye begi akija. Rafiki mwingine ameniahidi vya Izmir, Uturuki. Vitazaa hapa? (Msomaji, Mbeya mjini)*

Waaleikum salaam. Kwanza begi. Vijiti vya mimea haviingizwi nchini kimyakimya. Unaomba kibali cha kuingiza mimea kutoka Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania (TPHPA) kabla vijiti havijakatwa, na ami yako anapata cheti cha afya ya mimea kwa mamlaka ya kwao. Vije vimeoshwa, bila chembe ya udongo wala jani, na vionyeshwe kwa mkaguzi pale vinapoingilia. Ni usumbufu, lakini una sababu: virusi, kutitiri (vidudu vidogo sana vya majani) na minyoo ya mizizi husafiri na kijiti kizuri kwa macho.

Pili, kuzaa. Hapa ndipo wengi huumia baada ya kungoja miaka mitatu. Mitini si ya aina moja. Mingi inayopandwa nyumbani, kama Brown Turkey, Kadota na Black Mission, huivisha matunda bila kuchavushwa. Lakini tini maarufu za kukaushwa za Izmir haziivi mpaka aingie ndani nyigu mdogo wa urefu wa milimita 2 hivi, anayebeba chavua kutoka kwa mtini dume. Waturuki hutungika matunda ya mtini dume kwenye matawi kila mwanzo wa kiangazi kwa kazi hiyo. Wakulima wa California walipanda mitini ya aina hiyo miaka ya 1880 na wakabaki wakiokota matunda yaliyosinyaa, mpaka nyigu hao walipoletwa na kustawi mwaka 1899.

Utasema mbona mikuyu ya mabondeni kwetu imejaa vidudu ndani? Kweli, na ni nyigu pia, ila mkuyu na mtini ni miti ya ukoo mmoja, na kila jamii ya ukoo huo ina nyigu wake. Wa mkuyu hafanyi kazi kwenye mtini. Kwa hiyo kijiti cha Izmir kitakupa kivuli kizuri sana hapa Mbeya, na matunda ya ukubwa wa gololi yatakayodondoka.

Kuhusu vya Oman, mpigie ami umuulize mawili. Je, kuna mtini dume jirani? Je, kuna mti uliosimama peke yake mbali na mingine na bado unaivisha? Kata kwenye huo wa pili.

*Nimepata miche minne. Niko Njombe mjini. Niipande lini, na baridi hii je? (Msomaji, Njombe)*

Panda mvua zikishashika vizuri, mwisho wa Novemba hadi Desemba, ili mche upate miezi sita ya kujijenga kabla ya Juni. Chimba shimo la sentimita 60 kila upande. Udongo mwekundu wa Njombe mara nyingi una tindikali kuliko mtini unavyopenda, kwa hiyo changanya chokaa ya kilimo robo hadi nusu kilo kwa shimo, pamoja na debe moja la samadi iliyooza. Usiongeze samadi kwa huruma: mche ulionona hutoa machipukizi laini mpaka Mei, na jalidi ya Juni huyakuta mabichi yakageuka meusi usiku mmoja.

Mahali pana uzito kuliko mbolea. Epuka bondeni, baridi hutuama huko kama maji. Tafuta ukuta unaotazama kaskazini, maana kwetu huku jua la Juni na Julai hupita upande huo, na tofali huhifadhi joto la mchana. Kaa mita 4 au 5 kutoka kwenye karo na mabomba, mizizi yake ni ya kijasusi. Mwaka wa kwanza uzungushie mabua ya mahindi au gunia nyakati za usiku wa baridi. Matandazo weka, lakini yasiguse shina, la sivyo mchwa watakushukuru.

*Mtini wangu Tukuyu unazaa lakini tini zinapasuka na kuchacha kabla hazijaiva. (Msomaji, Tukuyu)*

Mvua yenu ndiyo inayozipasua. Panda chini ya upenu mpana ambapo maji ya paa hayafiki, pogoa katikati upepo upite, na okota majani yenye madoa ya kutu uyachome. Chuma kila siku: tini iliyoiva huinamisha shingo na kulegea. Ukiichuma mapema haiivi ndani ya nyumba kama ndizi.

*Naweza kupanda mbegu za tini kavu za dukani? (Mafinga)*

Zinaweza kuota, lakini hakuna mche utakaofanana na mama yake, na karibu nusu zitakuwa dume zisizofaa kuliwa.

*Miche yangu yote mitatu ina majani yenye mabaka ya njano na mengine yamejikunja. Nimeweka mbolea, haibadiliki. (Uyole, Mbeya)*

Mabaka ya njano yasiyo na mpangilio, yenye kingo zinazofifia, kwenye miche yote iliyotoka mti mmoja: hivyo ni virusi vya batobato ya mtini, na vilikuwa ndani ya kijiti tangu siku ya kukata. Njaa ya mbolea huanza kwa mpangilio, majani ya chini kwanza au kati ya mishipa. Hakuna dawa ya kunyunyiza inayotibu virusi. Mti wenye nguvu huishi navyo na kuzaa, hivyo usiung'oe kwa hasira, ila usigawe vijiti vyake kwa majirani, na mkasi ufute kwa spirti kabla ya kugusa mti mwingine. Kutitiri anayevisambaza hupunguzwa kwa salfa.

Kabla ya kulaumu virusi pekee, fukua mzizi mmoja pembeni. Ukiona vinundu kama shanga, kuna minyoo fundo pia, hasa kama palikuwa na nyanya hapo. Mche huo hauponi kwa kuhamishwa, maana minyoo inahama nao. Rudi kwa mti mama Julai, tafuta tawi ambalo majani yake yalikuwa safi msimu uliopita (lifunge utepe sasa, majani yakiwa bado yapo), na uanze upya kwenye mchanganyiko mpya.