Dada, kabla hujabandika jedwali la wateja

Juzi mdogo wangu mmoja aliyepata kazi ya ofisini Dubai kaniandikia: "Dada, huku kila mtu anatumia ChatGPT. Na mimi nitumie?" Swali lake limenigusa pabaya.

Nilikuwa mwaka wa tatu kwenye kampuni ya kusafirisha mizigo, Deira, mtaa wa huku huku Dubai. Wateja wa Dar es Salaam na Mombasa walikuwa wangu. Hiyo ChatGPT, programu ya akili mnemba unayoiandikia nayo ikakujibu, ilinipandisha: barua ya Kiingereza iliyonila saa nzima, sasa dakika tano. Nilijivunia kazi yangu, na nilistahili.

Usiku mmoja nilibaki na jedwali lililovurugika: majina, simu, namba za pasipoti, bei ya kila mteja. Nikalinakili lote, nikalibandika kwenye akaunti yangu binafsi ya bure ya ChatGPT. Likapangika vizuri. Nikaliweka kwenye folda ya mtandaoni, nikaiacha ifunguliwe na yeyote mwenye linki, ili mwenzangu wa ghalani aione kwenye simu.

Wiki mbili baadaye mzee mmoja, mteja, akanipigia. "Binti yangu, mbona naona bei za jirani yangu?" Mwenzangu alikuwa ametuma linki ile kwenye kundi la WhatsApp la wateja, akidhani ni ratiba ya meli.

Niliyeitwa ni mimi peke yangu. Bosi aliyekuwa akisifu kasi yangu mbele za watu akaniuliza nani alinituma niharakishe. Usimamizi wa kitengo akapewa mwingine. Hilo bado linaniuma.

Ndipo nikaanza kusoma. Mwaka 2023 wahandisi wa Samsung, Korea Kusini, walibandika msimbo wa programu za kampuni, uliokuwa siri, ndani ya ChatGPT. Mei kampuni ikazuia zana hizo kwenye vifaa vyake. Januari 2025 watafiti wa usalama walikuta hifadhidata ya DeepSeek, kampuni ya akili mnemba ya China, iko wazi mtandaoni, haina hata nenosiri, na mazungumzo ya watumiaji yamo ndani. Ukibandika kitu, dada, umekihifadhi kwenye kompyuta ya mtu mwingine. Na kwenye akaunti ya bure ya ChatGPT, maneno yako huweza kutumika kuufundisha mfumo usipozima kipengele hicho kwenye mipangilio.

Basi tumia, lakini uliza kwanza ofisi imelipia akaunti ipi. Majina yafute, andika Mteja A, Mteja B. Pasipoti usiibandike kamwe. Folda ifungue kwa watu uliowataja kwa barua pepe zao, si kwa linki. Emirati zina sheria ya kulinda taarifa binafsi tangu 2021. Isome kabla hujasomewa. Tuache kuhesabu kasi kuwa ndiyo kazi! Namba ya pasipoti ni amana ya mtu, na amana hailindwi kwa haraka.

Yule mzee nilimfuata dukani kwake kumwomba radhi. Akanipa chai, akanisamehe. Mizigo yake sasa anaipeleka kwa wengine.