Mtoto akiondolewa, fedha humfuata

Mhariri, katika toleo lililopita mliuliza kama serikali iwe na mamlaka ya kumwondoa mtoto nyumbani kwao. Nimefanya kazi katika nyumba ya watoto walio chini ya ustawi wa jamii hapa Winnipeg, Kanada, na linaloniuma linatangulia swali lenu: kwa nini wanaoondolewa ni watoto wa watu wale wale? Sensa ya Kanada ya 2021 ilionyesha kuwa watoto wa wenyeji wa asili ni asilimia 7.7 ya watoto wote walio chini ya miaka 15, ilhali ni asilimia 53.8 ya wanaolelewa na walezi wa kambo, yaani familia zinazokabidhiwa watoto na ustawi wa jamii.

Wenzangu wasemaji wa Kiswahili hapa mjini, mnaopita barabara ya Main Street kila siku mkiwaona wenyeji hao, mna jibu tayari, nami nimelisikia hata katika vikao vyetu vya harusi: pombe. Tangu nimwone bibi mmoja Mkrii, wa moja ya jamii hizo za wenyeji wa asili, siwezi kulinyamazia jibu hilo.

Alisafiri usiku kucha kwa basi kutoka kaskazini kuja kumwona mjukuu wake wa miaka minne, akiwa na samaki aliyekaushwa kwa moshi, amemfunga kwenye taulo. Mama wa mtoto alikuwa mgonjwa, na bibi alikuwa ameomba akabidhiwe yeye. Walikaa mezani, akawa anamchambulia miiba kwa kucha, akiupapasa kila mnofu kwa ncha ya kidole kabla ya kumtilia mtoto mkononi, huku nami pembeni nikijaza fomu ya usimamizi kama ilivyotakiwa. Mtoto aliposhiba, bibi alinionyesha barua aliyoandikiwa: ombi limekataliwa kwa sababu vyumba havitoshi na paa linavuja. Juu ya malezi yake hapakuwa na neno hata moja. Akaniuliza, bila hasira, mjukuu wake anagharimu kiasi gani kwa mwezi pale kwetu, kwa kuwa gharama ya paa alikwisha kuipigia hesabu. Nilikijua kiasi hicho, lakini sikuruhusiwa kukitaja.

Swali lake lina jibu rasmi. Januari 2016, katika shauri lililofunguliwa 2007 na chama cha kutetea watoto kinachoongozwa na Cindy Blackstock pamoja na umoja wa Mataifa ya Kwanza, yaani jamii za wenyeji wa asili, Baraza la Haki za Binadamu la Kanada liliamua kuwa serikali kuu iliwabagua watoto wa maeneo yaliyotengwa kwa ajili ya watu hao. Mtoto akishaondolewa, gharama zake zilirudishwa zote. Fedha za kuisaidia familia kabla hajaondolewa ziliwekewa kikomo, tena kidogo. Kwa mpango huo, kumwondoa ndiyo njia iliyokuwa na fedha.

Nilipoanza kuandika nilikusudia kusema serikali inyang'anywe mamlaka hayo kabisa. Lakini wamenijia pia watoto walioletwa usiku wakiwa na majeraha ambayo hayakutokana na umaskini, na siwezi kuwaambia wangesubiri. Kwa hiyo nasema ndiyo, mamlaka yawepo, ila yawe mikononi mwa mataifa yao wenyewe, kama inavyotambua sheria iliyoanza kutumika 1 Januari 2020, ambayo Mahakama ya Juu iliithibitisha Februari 2024. Hata hili nalisema kwa tahadhari, kwa maana taifa litakalopewa mamlaka bila fedha za nyumba litalazimika kuwapeleka watoto wale wale kwa walezi wale wale wa mjini.