Nimjibu nini mteja anayeuliza kama unga wangu ni wa GMO?

SWALI: Nina mashine ya kusaga mahindi mjini Kitale. Tangu serikali ya Kenya iondoe marufuku ya GMO Oktoba 2022, na kesi zilizofuata mahakamani, wateja hawachoki kuniuliza kama unga wangu una GMO. Kuna kipimo cha kuthibitisha? Na hizi mbegu wanazosema zimehaririwa jeni, je, ni kitu kilekile?

JIBU: Kipimo kipo. Mahindi ya GMO yamepandikizwa jeni iliyotoka kwa kiumbe kingine. Mahindi ya Bt, kwa mfano, yana jeni ya bakteria wa udongoni inayoua funza wanaotoboa mabua. Mara nyingi jeni kama hiyo huambatanishwa na kipande kidogo cha vinasaba vya kirusi cha koliflawa, na hicho ndicho maabara hukitafuta kwa kipimo cha PCR, kinachonakili vinasaba mara nyingi hadi vionekane. Unga hupimika vizuri. Mafuta ya kupikia yaliyosafishwa kiwandani ni taabu, kwa sababu vinasaba karibu vyote huondolewa humo.

Ila sampuli ichukuliwe vizuri. Chota kidogokidogo kutoka magunia mengi, juu, katikati na chini, kisha uchanganye. Gunia moja la mlangoni halisemi lolote kuhusu ghala zima. Mashine nayo isafishwe kwanza, maana masalio ya mzigo wa jana yanaweza kuonekana kwenye majibu. Kanuni za Kenya za mwaka 2012 zinataka lebo chakula kikizidi asilimia 1 ya GMO.

Uhariri wa jeni ni jambo jingine. Hapo jeni ya mmea wenyewe hukatwa au kurekebishwa, na mara nyingi hakuna kitu cha kigeni kinachobaki. Japani ilianza kuuza nyanya ya namna hiyo Septemba 2021, yenye GABA (kemikali ya asili iliyomo kwenye nyanya) nyingi kuliko nyanya za kawaida. Badiliko kama hilo lingeweza kutokea lenyewe shambani, kwa hiyo maabara ikiliona haiwezi kuapa kwamba limetokana na mkono wa binadamu. Hapo kinachobaki ni karatasi za mbegu na ukweli wa muuzaji.

Kuhusu wateja wako, nakuomba usiwaone wajinga. Marufuku ya Novemba 2012 ilikuja baada ya utafiti wa Ufaransa uliodai panya waliolishwa mahindi ya GMO waliota uvimbe. Jarida lililouchapisha likauondoa mwaka 2013, lakini marufuku ikaendelea karibu miaka kumi. Mtu aliyetishwa muda wote huo, kisha akaambiwa ghafla ale, ana haki ya kuuliza.

Uingereza, mwaka 1996, maduka yaliuza nyanya ya kopo ya GMO ikiwa na lebo wazi na bei nafuu. Watu waliinunua kwa wingi. Mauzo yalianguka miaka michache baadaye, hofu ilipoenea na watu walipogundua kwamba soya ya GMO imeingia katika vyakula vingine bila wao kuambiwa. Mimi naamini kufichwa kuliwaudhi kuliko jeni yenyewe.

Basi weka daftari: mahindi yametoka shamba gani au kwa dalali yupi, mbegu gani, tarehe gani. Ukinunua ya kutoka Afrika Kusini, ambako mahindi meupe ya GMO hulimwa kwa wingi, dai cheti kabla ya kulipa. Mteja akiuliza, mfungulie daftari asome mwenyewe.