Leza kwa sainasi ya pilonidali: inafanya nini na inamfaa nani

SWALI: Daktari, nina umri wa miaka 24. Mwaka jana nilitokwa na jipu kwenye mfereji wa makalio, karibu na mfupa wa kifandugu. Lilipasuliwa likapona, lakini kilibaki kitundu kidogo ambacho kila baada ya wiki kadhaa hutoa majimaji yenye damu na harufu, kisha hukauka. Daktari mmoja wa upasuaji ameniambia kuwa ni sainasi ya pilonidali na kwamba sehemu yote ikatwe, kidonda kiachwe wazi kijae chenyewe. Mwingine amenishauri nifanyiwe leza, akasema haina kidonda na nitarudi kazini baada ya siku chache. Je, leza kweli huumaliza ugonjwa huu? Je, ndiyo ileile inayotumika kuondoa vinyweleo? Kazi yangu ni ya kukaa kutwa nzima.

JIBU: Ndugu msomaji, madaktari wote wawili wamekueleza tiba zinazotambulika, ila kila mmoja ameegemea ile aliyoizoea. Kwa jinsi ulivyojieleza, yaani kitundu kimoja, jipu moja lililokwisha kupona, na hakuna upasuaji mkubwa uliowahi kufanyika mahali hapo, leza ni tiba inayostahili kufikiriwa mwanzo, na mimi binafsi ningeizungumzia na mgonjwa kabla ya kumshauri akatwe sehemu yote. Hata hivyo, kauli kwamba haina kidonda si sahihi. Na swali la kama itaumaliza ugonjwa linategemea zaidi kazi inayofanyika kabla ya leza kuwashwa, na matunzo yanayofuata, kuliko mwanga wenyewe.

Ugonjwa huu, yaani njia nyembamba inayojichimba chini ya ngozi ya mfereji wa makalio, huletwa na nywele. Vinyweleo vilivyokatika, vya mgongoni, vya makalioni na hata nywele za kichwani zinazodondoka baada ya kunyolewa, huteremka na kukusanyika katika mfereji ulio kati ya makalio, ambako ngozi ina unyevu na husuguana kila mtu anapotembea au kukaa. Unywele una magamba madogo mno yaliyoelekea upande mmoja, kwa hiyo ukishaingia kwenye tundu la ngozi kila msuguano huusogeza mbele, wala haurudi nyuma. Chini ya ngozi mwili huushambulia kama unavyoushambulia mwiba, usaha ukajikusanya, na usaha huo ukajitafutia njia ya kutokea, mara nyingi pembeni kidogo na juu ya kile kitundu cha kwanza. Karydakis, daktari wa upasuaji wa jeshi la Ugiriki aliyewatibu maelfu ya wagonjwa wa aina hii, alieleza kuwa lazima mambo matatu yakutane: nywele zilizolegea, nguvu inayozisukuma, na ngozi iliyo dhaifu mahali zinapoingilia.

Zamani iliaminika kwamba hii ni kasoro ya kuzaliwa nayo, na imani hiyo ndiyo iliyowafanya madaktari wakate nyama nyingi kwa hofu ya kuacha mabaki. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia jeshi la Marekani lililaza hospitalini askari wapatao 80,000 kwa tatizo hili, na likahusishwa na safari ndefu katika magari yanayorukaruka. Mwaka 1946 Patey na Scarff, madaktari wa Uingereza, walitoa hoja kwamba ugonjwa huu mtu huupata akiwa mkubwa. Vinyozi nao huupata katikati ya vidole vya mikono, mahali ambapo hakuna anayeweza kudai kuwa walizaliwa na kasoro ya kifandugu. Kwa hiyo usijione mchafu wala mwenye laana. Huwapata zaidi vijana, wanaume kuliko wanawake, kuanzia balehe, na hupungua sana baada ya umri wa miaka 40.

Ikiwa chanzo ni nywele na wala si kiini alichozaliwa nacho mtu, basi hakuna sababu ya kuondoa nyama nzima ili kumtibu mwenye njia fupi chini ya ngozi. Kukata sehemu yote na kuacha kidonda wazi bado ni tiba inayofanyika sana, na hufanikiwa kwa wengi, lakini kidonda chake huchukua wiki nyingi, wakati mwingine miezi, na kinahitaji kusafishwa na kufungwa upya mara kwa mara mahali ambapo mgonjwa mwenyewe hawezi kupaona. Kukata kisha kushona katikati kabisa ya mfereji, jambo ambalo baadhi ya madaktari hulifanya ili kufupisha muda huo, ndiyo njia ambayo sipendekezi, kwa sababu mshono unaokaa ndani ya mfereji huingia vijidudu na kuachia kwa urahisi, na ugonjwa hurudi zaidi kuliko pale mshono unapohamishiwa pembeni.

Sasa leza yenyewe. Kifaa kinachotumika ni leza ya dayodi, mara nyingi yenye mwanga wa nanomita 1470, ambao hufyonzwa sana na maji yaliyomo katika tishu. Mwanga hupitishwa ndani ya uzi mwembamba wa kioo ambao ncha yake huusambaza pande zote, badala ya kuutupa mbele tu. Mgonjwa hulala kifudifudi na kupewa ganzi ya mahali, ganzi ya uti wa mgongo au nusu kaputi, kulingana na hali yake na desturi ya hospitali, na kwa kawaida huruhusiwa kwenda nyumbani siku hiyohiyo. Daktari hukata vitundu vya juu kwa milimita chache ili apate mlango, kisha hukwangua njia yote kwa kijiko kidogo chenye makali na kwa brashi, akitoa nywele, usaha na nyama laini iliyoota ndani, na mwisho huisafisha kwa maji ya chumvi. Hapo ndipo uzi huingizwa hadi mwisho wa njia na kuvutwa nje polepole, kiasi cha milimita 1 kwa sekunde. Kifaa kikiwekwa katika nguvu ya wati 10, mwendo huo hutoa jouli 100 kwa kila sentimita ya njia. Joto lake huunguza utando wa ndani na kuisinyaza tishu inayoizunguka njia, kwa kina cha milimita chache tu, ili kuta zikaribiane na kovu lijaze nafasi iliyobaki.

Tafadhali zingatia mpangilio huo. Leza si kifaa cha kutafuta nywele wala cha kuzitoa. Unywele uliosahaulika kwenye kona ya njia utabaki ndani, na usaha utaanza upya hata kama joto lilipigwa kwa usahihi wote. Daktari anayetumia muda mfupi kukwangua na kujivunia mashine yake amegeuza kazi juu chini. Baadhi ya madaktari huingiza kwanza kamera nyembamba ili waione njia kwa macho na kuhakikisha haina tawi lililofichika, na pale kamera ipo, mimi huona ni msaada wa kweli.

Baada ya hapo vile vitundu havishonwi. Huachwa wazi makusudi ili majimaji yatoke, kwa maana kikifungwa cha juu kabla ya ndani kukauka, jipu hurudi. Tarajia majimaji yenye damu kidogo kwa wiki kadhaa, shashi ya kubadilisha kila siku, maji safi ya kuoshea, na maumivu ambayo kwa wengi hutulizwa na vidonge vya kawaida. Hivyo aliyekuambia kuwa utarudi kazini baada ya siku chache hakukosea, maana wengi hurudi. Ila kurudi kazini ni jambo moja na kupona ni jambo jingine. Katika uchunguzi uliochapishwa mwaka 2018, uliohusisha wagonjwa 237, wastani wa muda wa kupona ulikuwa siku 47.

Uchunguzi huohuo ulionyesha kwamba takriban asilimia 90 walipona baada ya kupigwa leza mara moja, na wengi kati ya walioshindwa walipona iliporudiwa. Uchunguzi mwingine wa wagonjwa 200 ulipata uponyaji wa asilimia 94, lakini ugonjwa ukawarudia takriban asilimia 15. Takwimu hizi ni nzuri, ila zisome kwa tahadhari. Wagonjwa wengi wa leza wamefuatiliwa kwa mwaka mmoja au michache, ilhali sainasi ya pilonidali ina tabia ya kurudi hata baada ya miaka mitano na zaidi, na kila aina ya upasuaji huonekana bora zaidi pale wagonjwa wanapohesabiwa mapema. Kwa sababu hiyo siwezi kukuambia kuwa leza huumaliza ugonjwa. Ninachoweza kusema ni kwamba ina nafasi kubwa ya kukuponya kwa gharama ndogo ya nyama na muda, na kwamba ikishindwa haijaharibu ngozi inayohitajika kwa upasuaji mwingine. Hoja hii ya pili ndiyo inayonivuta zaidi.

Wapo ambao haiwafai. Mwenye jipu lililoiva hapigwi leza siku hiyo; jipu hupasuliwa kwanza, ikiwezekana pembeni ya mstari wa katikati, na njia husubiriwa itulie kwa wiki kadhaa. Mwenye shimo pana kuliko njia naye si mgonjwa mzuri wa leza, kwa kuwa joto la milimita chache haliwezi kuzifikia kuta zote kwa usawa, na vivyo hivyo mwenye matawi mengi au mwenye makovu magumu ya upasuaji uliotangulia. Kabla ya yote, daktari ahakikishe kuwa kitundu hicho hakiendi kwenye njia ya haja kubwa, kwani hiyo ni fistula na tiba yake ni nyingine kabisa. Kidonda cha miaka mingi kilichobadilika sura, kinachoota nyama au kutoka damu kwa urahisi, hukatwa kipande kikapimwe maabara, kwa kuwa saratani hutokea humo mara chache sana lakini hutokea. Na kama kitundu chako kingekuwa kimekaa kimya, bila maumivu wala majimaji, ningekushauri usifanyiwe upasuaji wa aina yoyote.

Kuhusu swali lako la pili, hizo ni leza mbili tofauti, na kuzichanganya kumewafanya baadhi ya wagonjwa wadhani wametibiwa kumbe wameondolewa vinyweleo tu. Leza ya kuondoa vinyweleo hupigwa juu ya ngozi na hulenga melanini, yaani rangi iliyo ndani ya shina la unywele. Haifungi njia iliyokwisha kuchimbika. Kwa kuwa melanini ipo pia kwenye ngozi, mtu mwenye ngozi nyeusi anaweza kuunguzwa akipigwa kwa kifaa kisichomfaa, na iliyo salama zaidi kwake ni leza ya Nd:YAG ya nanomita 1064. Ile ya nanomita 1470 haijali rangi ya ngozi, kwa sababu inafanya kazi ndani, na inalenga maji.

Tofauti si kwamba moja ina maana na nyingine haina. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2024 uliwagawa kwa bahati nasibu vijana 302 wenye umri wa miaka 11 hadi 21 katika makundi mawili: kundi moja liliondolewa vinyweleo kwa leza pamoja na matunzo ya kawaida, jingine likapata matunzo ya kawaida pekee. Katika mwaka mmoja ugonjwa ulirudi kwa asilimia 10.4 ya kundi la kwanza na asilimia 33.6 ya kundi la pili. Kwa hiyo, ukiwa na uwezo, tiba hizi mbili zinaweza kufuatana: ya kwanza kuifunga njia, ya pili kupunguza nywele zitakazoitafuta tena. Kunyoa kwa wembe sikushauri, kwani wembe huacha vipande vifupi vyenye ncha kali na umehusishwa na kurudi kwa ugonjwa mara nyingi zaidi. Na ukitoka kwa kinyozi, oga siku hiyohiyo, uusuuze mgongo na mfereji wa makalio kwa maji mengi, maana nywele za kichwani haziguswi na leza yoyote ya makalioni.

Kukaa kutwa nzima si sababu ya kuacha kazi. Wiki mbili za kwanza jitahidi kuinuka kila baada ya saa moja, ukae ukiwa umeegemea mapaja kuliko kifandugu, na usiendeshe baiskeli hadi vitundu vifunge.

Utakapokwenda kwa daktari wa leza, muulize amewafanyia wagonjwa wangapi, anawafuatilia kwa muda gani, na atafanya nini isipofaulu. Jibu la swali la mwisho ndilo litakaloonyesha anaujua ugonjwa kiasi gani. Leza inaweza kurudiwa mara moja kwa mgonjwa ambaye njia yake imefupika bila kufunga. Ikishindwa tena, hulazimiki kurudi kwenye lile shimo la wazi uliloshauriwa mwanzo: upo upasuaji wa kuondoa sehemu iliyougua, kuhamisha ngozi, na kuweka mshono pembeni ya mstari wa katikati huku mfereji ukifanywa uwe na kina kidogo, kama walivyobuni Karydakis na baadaye Bascom, daktari wa upasuaji wa Marekani. Uliza kama yupo karibu nawe anayeufahamu, hata kabla hujaamua kuhusu leza.