Bushi za mkono wa chini: usikaze bolti tairi likiwa linaning'inia

Toyota Corolla 110 ikishazeeka, bushi (mipira yenye ganda la chuma nje na kibomba cha chuma katikati) za mikono ya chini ya mbele, yaani vyuma vinavyounganisha tairi na fremu, ni kati ya vitu vinavyoanza kulalamika. Ukipita tuta inagonga, ukikanyaga breki usukani unavuta upande, na tairi linaliwa ndani au nje tu. Kabla ya kununua spea, chomeka mtaimbo kati ya mkono na fremu, usukume taratibu. Kucheza kidogo ni kawaida. Mpira ukiwa umechanika na kile kibomba cha katikati kinatembea peke yake, imekwisha. Vinyufa vya juujuu havina neno.

Gari likiwa chini, pima kwa futi kutoka katikati ya tairi hadi ukingo wa madigadi, uandike. Kipimo hicho utakihitaji mwishoni. Inua, weka stendi mbili. Jeki peke yake usiilalie chini hata dakika moja.

Boljointi (kiungo cha duara kwenye ncha ya mkono, upande wa tairi) ya 110 imefungwa kwenye mkono kwa bolti moja na nati mbili. Zifungue, kisha bolti za bushi, mkono utatoka. Bushi ya nyuma ikiwa na matundu kwenye mpira, weka alama ya rangi kwenye mkono kuonyesha yalikoelekea. Ukiipachika imegeuka, upande uliotakiwa kuwa mlaini unakuwa mgumu, na gari litayumba kwenye breki.

Huna presi, mashine ya kusukumia bushi? Tumia bolti ndefu ngumu ya M14, washa nene na boksi (soketi za spana) mbili: moja pana kupokea bushi, nyingine nyembamba kidogo kuliko ganda la nje ili iisukume. Uzi wa bolti upake grisi. Ikigoma, toboatoboa mpira kwa drili uutoe, pitisha jino la msumeno, ukate ganda kwa urefu bila kuukwaruza mkono. Kuchoma mpira kwa moto, kama wengi wanavyofanya, ni kujivutisha sumu.

Bushi mpya isukume kwenye ganda tu, kamwe si kwenye mpira. Itelezeshe kwa maji ya sabuni. Oili na grisi huvimbisha mpira.

Sasa bolti, na hapa ndipo kazi nyingi huharibika. Bushi hii haizunguki kama beringi. Mpira umegandishwa kwenye kibomba, na bolti ikikazwa kibomba hakigeuki tena. Mkono ukipanda na kushuka, mpira ndio unaojisokota. Ukikaza tairi likining'inia, gari likishuka mpira unabaki umesokotwa muda wote, hata limeegeshwa, na utachanika mapema mno. Kwa hiyo bolti zifunge kwa vidole tu, weka jeki chini ya boljointi, pandisha mpaka upate kile kipimo cha madigadi, ndipo ukaze kwa nguvu iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari. Gari likianza kunyanyuka kwenye stendi kabla hujakifikia, acha. Lishushe likae kwenye matairi yake, ukazie hapo.

Halafu peleka alaimenti, kunyooshwa matairi, siku hiyohiyo.