Kitovu kwanza, modeli baadaye

Wadogo zetu mnaotabiri vimbunga zamu ya usiku, kiti hakijapata hata joto mshafungua modeli, yaani utabiri wa kompyuta. Tunawapenda, ila msimu huu mmetuzeesha.

1. Tafuteni kitovu cha kimbunga kwanza. Kosa hili sote tulilifanya tukiwa wapya, na aibu yake haijatutoka, kwa hiyo tulieleze taratibu. Usiku mnategemea infraredi, picha za setilaiti zinazoonyesha joto na baridi ya mawingu. Mnaona bonge la wingu lenye kilele baridi, jeupe pe, mnaweka alama katikati. Sawa, kama kimbunga kimesimama wima. Lakini upepo wa juu ukitofautiana sana na wa chini, bonge lile hupeperushwa upande mmoja na kitovu cha chini hubaki nyuma, uchi kabisa, nanyi hamkioni. Alfajiri inaingia picha ya kwanza ya mwanga wa jua: viwingu vya chini vinazunguka peke yao, kilomita 100 kutoka kwenye alama yenu. Hasara yake haihitaji kompyuta. Tuseme kitovu cha saa 6 zilizopita mlikipata sawasawa, cha sasa mmekikosa kwa kilomita 60. Mmekizawadia kimbunga kilomita 10 kwa saa ambazo hakina. Baada ya saa 24 mmekihamisha kilomita 240. Bandari isiyohusika imefungwa, inayohusika imelala.

Dawa ni picha za setilaiti za maikrowevu, zinazopenya mawingu ya juu. Za masafa ya gigahezi 37 huonyesha mzunguko wa chini. Za 89 hufuata barafu ya juu, na kwa kuwa setilaiti hutazama kwa mshazari, pete ya mawingu inayozunguka jicho huonekana imesogea. ASCAT, rada ya setilaiti inayopima upepo juu ya bahari, ikipita, linganisheni pepo zake na alama yenu. Mwendo pimeni kwa saa 12, si 3: lile kosa la kilomita 60 linabaki 5 kwa saa, na jicho huyumbayumba njiani bila kugeuka.

2. Kimbunga dhaifu husukumwa na pepo za tabaka la chini, hektopaskali 850 hadi 700 (kadiri kanieneo inavyopungua ndivyo mnavyopanda juu). Chenye nguvu, chukueni wastani wa 850 hadi 200. Modeli ikikianzisha kimbunga dhaifu kikiwa na mwili mrefu, itakipeleka na upepo ambao kichwa chake hakiufikii. Kisha mnatuuliza kwa nini hakikupinda kuelekea ncha ya dunia.

3. Vimbunga viwili vikikaribiana chini ya takriban kilomita 1,400, vinaweza kuanza kuzungukana. Hapo pandisheni hali ya mashaka, shusheni ujasiri.

4. Koni ya mashaka mnayoichora kwenye ramani ya utabiri ni ya njia ya kitovu tu. Upepo na mvua haviijui.

5. Modeli iliyoanzishwa saa 00 UTC (saa za kimataifa) imeruka kushoto, ya saa 12 UTC imerudi kulia, na taarifa zenu zimeruka nayo mara mbili. Jamani! Ishikeni njia ya taarifa iliyotangulia, muisogeze kidogo kidogo kuelekea wastani wa modeli. Kuna nahodha aliyegeuza meli asubuhi kwa sababu yenu. Jioni mnamwambia arudi alikotoka.